Wamekuandika Umerudi Kwenu

Baba, shikamoo.

Ipokee vizuri, maana siku hizi shikamoo zangu natoa kwa kuchagua. Kuna mtu mmoja humu ndani, tangu siku zile za kuchukuliwa kwako hajaipata hata moja, na unamjua ni nani. Nitafika kwake.

Mwandiko wangu ulivyo unaujua, usicheke. Niliishia darasa la nne, ukasema mkokoteni unataka mtu wa kusukuma nyuma. Sikulaumu. Ila nina maneno ambayo mdomoni hayatoki. Mbele za watu mimi nameza mate tu, ndivyo nilivyo. Leo Jumapili, ghala limefungwa, nimekaa uani juu ya kile kinu kilichopasuka, naandika.

Kilichonitia hasira mpaka nikatafuta kalamu ni yule dada wa utafiti. Amerudi.

Unamkumbuka? Ndeshi, yule Mchaga mwembamba wa chuo, aliyekuja mwaka juzi na mkoba wa ukili, akakaa kwenye magunia yako pale barazani bila kupangusa. Ulimpenda kwa hilo. Ulisema huyu kalelewa. Akatuambia wanataka kujua watu wanaohamia mjini wanaishije na wale waliowakuta, nani anaingia, nani anatoka, nani anabaki. "Mji unakua, mzee. Tunataka tujue unakua vipi." Ukamwambia unakua kama tumbo la mwenye nyumba wangu, bila mpango.

Bi Tatu, mwenye nyumba mwenyewe, alikuwa pale pale na chuma chake cha vitumbua. Hakuinua hata kichwa.

"Mwanangu, huyo usimuulize kitu. Huyo mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga."

Kalamu ya Ndeshi ilisimama. Alikutazama wewe, akamtazama Bi Tatu, akanitazama mimi nimsaidie, mimi nikaangalia chini. Wewe ulikuwa unacheka mpaka shazia, ile sindano yako ya magunia, ikakuchoma kidole. Ndipo ukamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani. Tunatukanana, tunaibiana, tunakamatana na kukombolewa, na hakuna kununiana. Na siku mmoja akifa, mtani wake ndiye anayekaa juu ya kaburi. Anazuia udongo, anamtukana maiti, anakataa kunyanyuka mpaka wafiwa wampe kitu. Ukasema bila mtani kunyanyuka maziko hayajaisha, maiti anabaki kama mtu aliyeachwa stesheni.

Ndeshi akasema, "Sasa hii niiandike wapi? Nina mahali pa ndugu, pa rafiki na pa jirani."

"Andika mtumwa," Bi Tatu akajibu, akampa kitumbua cha moto.

Swali la mwisho lilikuwa kama unafikiria kurudi kwenu Tabora. Nalikumbuka jibu lako kuliko yote uliyowahi kusema. Ulinyoosha shazia kumwelekezea Bi Tatu, ukasema, "Muulize huyo. Mimi nikirudi, atamtukana nani?"

Sasa nikuambie, Baba. Hamtukani mtu. Tangu siku ile ulipochukuliwa hajamtukana hata paka.

Siku ile mimi nilikuwa bombani, ng'ambo ya barabara, kwenye foleni ya ndoo. Nataka ujue nilichokiona, kwa sababu nimekirudia kichwani mpaka kimechakaa. Niliona lori limesimama mbele ya nyumba. Niliona vijana wa mgambo, sura ngeni, si wa mtaa wetu. Halafu nikaona watu wanacheka. Baraza zima. Na wewe unacheka. Mtu akimwona baba yake anacheka, atakimbilia nini? Zamu yangu ikafika, nikakinga maji.

Maneno niliyasikia baadaye, na wote waliokuwepo wanayasimulia sawasawa. Walikuwa wanasaka wazururaji. Kijana mmoja akakudai kitambulisho cha kazi. Kushona magunia ya wenye maduka barazani hakuna kitambulisho, na mgongo uliovuta mkokoteni miaka yote ile hauna karatasi. Ukamwonyesha shazia, ukasema kitambulisho changu hiki hapa. Watu wakacheka. Yule kijana akaona anachezewa. Akawageukia, akauliza nani anamjua mzee huyu, anafanya kazi gani.

Wote wakamwangalia Bi Tatu. Nyumba ni yake. Neno moja tu lilitakiwa, Baba. Huyu mpangaji wangu, anashona magunia ya Mangi wa duka la jumla pale kona. Basi, wangepita.

"Simjui," alisema. "Mzururaji tu huyo, kazi yake kunimalizia vitumbua. Mchukueni mkamtupe mbali, nipumzike."

Na wewe. Na wewe, Baba, ukasema, "Twendeni, vijana. Bora jela kuliko vitumbua vyake vya mchanga." Ukapanda mwenyewe. Hakuna aliyekushika hata mkono. Ukakaa mle ndani umekunja mikono kama bwana harusi, unangoja aje akukomboe, kama mlivyozoea. Ulishamficha viatu vyake siku ya Idi mpaka akakupikia pilau. Yeye alishakufungia chooni mpaka ukajikomboa kwa kofia. Ule ulikuwa mchezo wenu, na hapa mtaani hata mtoto wa juzi anaujua.

Yule kijana hakuwa wa hapa. Alisikia maneno, akayaamini. Akafunga mlango wa lori.

Bi Tatu alikimbia nyuma ya lori na kijiti cha kugeuzia vitumbua mkononi, kanga imemwanguka, mpaka Msimbazi. Hapo ndipo nilipoinua kichwa kutoka kwenye ndoo. Nilimwona yeye anakimbia. Wewe sikukuona tena.

Alienda ofisini kukusemea, nakubali, alienda kila siku. Siku moja nilifuatana naye na kadi yangu ya kazi ya ghalani. Karani akamwambia, "Mama, si mwenyewe ulisema humjui mbele ya watu?" Akaanza kueleza utani. Karani akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Serikali haina mtani, mama." Mimi akaniambia wewe una kazi, rudi kazini. Nikarudi kazini.

Siku ile ndipo nilipoacha kumwamkia.

Habari zako alizileta Shomari, muuza karanga, mlipakiwa naye. Alitoroka huko na kurudi kabla ya mvua. Alinikalisha, akanisimulia kila kitu, sikumwomba apunguze. Akasema mlifikishwa ng'ambo ya Rufiji, mkapewa majembe, mkaambiwa hapa ndipo kwenu sasa. Akasema hukuwa na kinyongo. Kila lori likitokea ulisimama ukatazama kama Bi Tatu yumo, ukawaambia wenzako mwenye mali anakuja kuchukua mtumwa wake. Homa ilipokulaza ukaanza kuuliza kweli, siyo kwa utani tena. "Hajafika?" Shomari alikuwa anakujibu yuko njiani.

Sanda haikupatikana. Hata hapa mjini kitambaa tunapanga foleni, sembuse huko. Wakakushonea kwenye magunia, Baba. Kwa shazia yako mwenyewe, ile uliyopanda nayo lori imechomekwa kwenye kofia. Shomari akasema alijitahidi kushona vizuri kwa sababu aliona aibu, alijua wewe mshono mbaya unauona. Kisha akafungua kitambaa, akanipa shazia.

Wakakufukia, hakuna aliyekaa juu ya udongo. Nani angekaa? Mtani wako alikuwa huku.

Wote uliopakiwa nao siku ile wamesharudi mjini, karibu wote. Shomari yuko na karanga zake pale pale. Yule fundi redio karudi. Wale ndugu wawili wa mitumba wamerudi na binamu yao juu. Kariakoo imejaa kuliko ilivyokuwa, barazani hupati pa kuweka mguu. Aliyebaki huko ni wewe, na wewe ndiye uliyekaa mji huu kabla yao wote.

Mambo mengine nikupe kwa haraka. Sukari hakuna. Sabuni ikija ghalani tunaisikia kwa harufu tu, inapita. Chumba cha jirani yetu kimeingia familia kutoka Kigoma, watu wazuri, wanaongea polepole, mtoto wao wa kiume anapenda kukaa pale ulipokuwa unakaa wewe. Siku ya kwanza nilitaka kumfukuza. Nikamwacha. Mangi bado anamwaga magunia yake barazani, hakuniuliza kama najua kushona. Nikitoka ghalani nashona. Mshono wangu unavuta upande mmoja. Mangi anaona, ananyamaza. Akinipita ananiambia "haya, mzee," jina lako hilo, na sijui kama ananiliwaza au ananitania. Hata yeye siku hizi nikimwangalia najiuliza siku ile alikuwa wapi, duka lake liko hatua chache tu. Watu wote siku hizi nawaangalia hivyo.

Basi, Ndeshi kaja Alhamisi. Kaja kuangalia walioandikwa mwaka juzi, nani yupo na nani hayupo. Alinunua karanga kwanza, akakaa kwenye magunia kama zamani. Akaanza na watu wa Kigoma, wameingia lini, wamefikia kwa nani. Akaja kwangu.

"Kaka Selemani, asili yako?"

"Kariakoo."

"Asili, kaka. Baba yako ni wa wapi?"

"Wa hapa."

Akatabasamu kidogo, akaiacha Tabora aliyoiandika mwaka juzi ibaki ilivyo. Halafu akauliza, "Na mzee yuko wapi, nimsalimie?"

Baba, niliinamia gunia nililokuwa nashona. Yule mtoto wa Kigoma akanijibia, kama watoto walivyo. "Mzee wa hapo alipelekwa shamba." Ndeshi akasema, "Aa, amerudi kijijini." Nikaona kalamu inashuka. Mimi si msomaji lakini nilikuwa bega kwa bega naye. Kwa mtu aliyeondoka palikuwa pameandikwa kazi, ndoa, masomo, kurudi kwao. Akaweka alama kwenye kurudi kwao. Akanambia kwa upole kabisa, "Wengi mwaka huu wamerudi kwao."

Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo linaloniuma, hakuna hata mmoja katika hawa wote mwenye ubaya. Miaka yote ulipokuwa hapa walikuita mtu wa kuja. Uliwazika wazee wao, ulibeba majeneza yao, ulibeba magodoro ya harusi zao, bado ukawa wa kuja. Ukatupwa mahali ambapo hujawahi kukanyaga, hakuna anayejua jina la baba yako, na pale ndipo palipoandikwa kwenu. Huko chuoni watakaa watajumlisha. Watasema watu wanarudi kwao, mji unapumua. Na wewe utakuwa mmoja wao, ndani ya gunia.

Nilikuwa nimeshainamisha kichwa. Nikasikia ndara za Bi Tatu ukumbini.

Bi Tatu amekwisha, Baba. Huwezi kumtania tumbo tena, hana. Vitumbua anapika vichache, anauza akiwa amegeukia ukutani. Alikuwa ameketi nyuma ya mlango anasikiliza. Ndeshi akainuka, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Futa hapo."

"Nifute nini, bibi?"

"Hapo ulipoandika. Yule hakurudi kwao. Yule katolewa kwao. Na aliyemtoa ni mimi, kwa mdomo huu. Andika hivyo."

Ndeshi akatazama karatasi zake. Sura ilimbadilika. Akauliza taratibu, "Bibi, samahani, wewe kwake ni nani? Ndugu?"

"Mtani wake. Mwaka juzi ulishaambiwa, ukasema huna pa kuandika. Leo tafuta."

 Hata yule mtoto aliacha kutafuna. Ndeshi akakata ile alama, akaandika maneno pembeni, marefu. Nilimshukuru moyoni. Lakini nikawaza pia kwamba kilichoandikwa pembeni, siku ya kujumlisha, sijui kama kinahesabiwa.

Bi Tatu alipomaliza naye akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu nilipomnyima salamu. Huyu ndiye aliyenilisha mama alipofariki, Baba, nalijua hilo, huna haja ya kunikumbusha. Nimekula vitumbua vyake kuliko wali wa mtu yeyote. Ndiyo maana inaniuma.

"Selemani," akasema. "Shikamoo ninyime, ni haki yako. Kaburi usininyime. Yule Mnyamwezi bado hajazikwa, na wewe unajua. Nipeleke nikamkalie."

 Nilichukua ndoo nikaenda bombani, na maji tulikuwa nayo.

Nimekaa na neno hilo tangu Alhamisi. Usiku nashona magunia ili nisifikirie, nafikiria hivyo hivyo. Nilitaka kumwacha na deni hilo mpaka afe nalo. Nilitaka afe huku anajua kwamba huko ng'ambo kuna mtu amekaa stesheni kwa sababu yake. Nakuambia ukweli, nilipata raha kidogo kulifikiria. Lakini kila nikilifikiria mpaka mwisho, anayebaki stesheni ni wewe. Yeye atazikwa hapa hapa, na Wanyamwezi wa mtaa mzima watamkalia wakimtukana mpaka jua lizame.

Kwa hiyo nimeshaongea na Shomari. Amekubali kutuonyesha. Maji ya mto yakipungua, pantoni ikianza kuvusha, nitaomba ruhusa ghalani na nitampeleka.

Usidhani nimemsamehe. Njiani sitaongea naye. Nitamshika mkono kupanda pantoni kwa sababu macho yamemwishia, basi. Tukifika Shomari atatuonyesha ulipo, atarudi kutungoja pantoni, na mimi nitasogea pembeni, nimwache akae. Akutukane yote aliyoyalimbikiza. Akuite mtumwa, mwizi, mla vitumbua vya bure. Sikiliza vizuri, Baba, maana utakuwa umemngoja muda mrefu, na mdomo wake unaujua ukifunguka.

Atadai kitu ndipo anyanyuke. Mimi mkononi nitakuwa na shazia yako tu, na hiyo simpi. Najua atadai hiyo hiyo. Aidai. Mimi pia ni mtani wake, nimerithi kwako, na nitamwambia hivi, nimeshayafanyia mazoezi maneno yenyewe hapa juu ya kinu: kaa hapo hapo, bibi, kaa mpaka uote mizizi, baba yangu alikaa kwenye lori akakungoja zaidi ya hapo.

Nikiweza kuyasema yote bila kumeza mate, ujue nimekua.

Atakaa. Halafu yale magoti yatamgoma, kama yanavyomgoma kila anapoinuka jikoni, na hapatakuwa na mtu mwingine wa kumnyanyua. Nitamnyanyua mimi. Akishasimama, udongo wako ukiwa bado kwenye kanga yake, ndipo nitampa shikamoo yake. Kabla ya hapo hapana, hata akililia. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na ndiyo yote niliyonayo.

Lala sasa, Baba. Jioni inaingia, mtoto wa Kigoma ananiita nikamfundishe kutunga shazia.

Mwanao, wa hapa hapa Kariakoo,
Selemani